Kome wa Bwawa la Kijani

Mwaka ule Wajerumani walipofikisha reli Ugogo, vibarua walipiga kambi kando ya bwawa, mwendo wa asubuhi moja kutoka Buigiri. Zaitun, Mrangi wa Busi, alikuwa amemfuata mumewe Halfani huko, akawa mpishi wa kikosi chake.

Ng'ombe wa kambi walichinjwa mlimani juu ya bwawa, na damu, samadi na uchafu wa vyoo vyote viliteremkia majini. Haikupita miezi miwili maji yakawa ya kijani, mazito kama mlenda. Vyura wakanyamaza. Mbuzi wawili wa mzee Matonya, mfugaji wa hapo, walikunywa asubuhi, wakafa kabla jua halijafika utosini.

Upande mmoja tu maji yalibaki maangavu. Kijani kilikoma pale kana kwamba kimekatwa kwa kisu. Zaitun alipoinama kuchota, aliona kome, viumbe wa makombe mawili, matopeni, mamia kwa mamia, wameachama, wakivuta maji na kuyatema. Kivuli chake kilipowaangukia, wote wakajifunga kwa pamoja. Tk!

"Hao ndio wanaotuchujia maji," Matonya alimwambia. "Wanakula hicho kijani."

"Kilichoua mbuzi wako, babu?"

Mzee akawaswaga mbuzi wake waliosalia mbali na maji.

Nyama ilipokatika kambini, nyapara Shaaban alileta kikapu cha kome. "Chemsha, mama."

"Hawa siwapiki, bwana nyapara. Wameshiba sumu."

"Sumu hufa motoni."

"Na ikikataa kufa?"

Shaaban akacheka, akawapika mwenyewe. Watu saba wakazunguka chungu. Halfani naye aliponyoosha mkono, Zaitun aliupiga kofi mbele ya wenzake wote. Wakamcheka. Halfani akaondoka amevimba kwa hasira, bila kumtazama mkewe.

Alasiri Shaaban alianza kujipapasa uso. "Midomo yangu iko wapi?" akauliza. "Zaitun, nitazamie, midomo yangu ipo?"

"Ipo, bwana."

Hakuwa na homa wala maumivu. Pumzi tu zilimpungua, kidogo kidogo, huku macho yake yakimfuata Zaitun kila alikokwenda. Wanne kati ya saba walikufa hivyo, kimya, wakisikia kila neno lililosemwa juu yao. Halfani alirudi akamkuta mkewe ameshika mkono wa Shaaban uliokwisha kupoa. Akaketi kando ya mkewe, akaushika mkono wake ule ule uliompiga.

Baada ya mazishi, kome wakiwa wamepungua, kijani kilivuka mpaka wake. Siku ya tatu kilikuwa kimelifunika bwawa zima. Kome waliosalia walitambaa kutoka majini, wakachora mistari matopeni, wakafia juani wameachama, na mistari yote ilielekea kambini.

Mzungu msimamizi akaamuru kambi ihamishwe. Zaitun, akifunga vyungu, alimuuliza Matonya, "Maji haya yatapona, babu?"

Matonya alitazama mlimani, mahali pa kuchinjia. "Mkiondoka," alisema, "huenda."