Njoo na Begi Lako

Kila asubuhi, fundi cherehani alipomsindikiza mtoto hadi kwenye kona na kurudi ndani, alikuta nyumba ambayo ni kama haijawahi kulaza mtoto.

Kitanda kimenyooka kama meza. Mswaki haupo. Kikombe cha bati hakipo, wala kitana, wala gauni la kushindia. Hata unywele mmoja juu ya mto hakuna. Fundi alisimama mlangoni mwa chumba na ufunguo mkononi, kama mtu aliyeambiwa kuwa mtoto aliyekula naye jana usiku hakuwepo. Saa nane mchana mtoto alirudi, begi limevimba mgongoni, akasema shikamoo shangazi, akatoa kikombe chake humo akanywa maji.

Mtoto alikuwa na miaka tisa. Afisa wa ustawi alikuwa amemleta miezi mitatu nyuma, alelewe hapo, na kabla ya hapo alikuwa amelelewa kwenye nyumba tatu. Fundi hakumuuliza kuhusu begi. Alikuwa mwanamke asiye na maneno; machache aliyokuwa nayo yaliishia kwenye pini alizobana midomoni.

Shuleni walimwita Kobe. Alikwenda na begi msalani, alicheza nalo, alikaa kwenye ncha ya kiti kwa sababu begi ndilo lililokaa. Wenzake walimuuliza kama nyumba yake ina choo, na leo amehamia mtaa gani.

Kisha ikaja barua. Fundi aliisoma taratibu, kidole chini ya kila neno, maana shule aliiachia darasa la tano. Barua ilisema kuwa karani alitumwa darasani kumwita mtoto akachukue vitabu vyake ofisini, na mtoto akatoroka. Walimkuta baada ya kumtafuta kwa saa tatu, nyuma ya tangi la maji, amejikojolea, hasemi. Mara ya pili karani alimshika begi, akang'atwa mkono. Mlezi afike Ijumaa. Pasipo maelezo ya kutosha, shule itaandika kwa ofisi ya ustawi mtoto atafutiwe mahali pengine.

Mahali pengine. Fundi aliikunja barua ikawa ndogo kama kifungo.

Jioni ile, akifumua pindo la sketi, alimuuliza mtoto bila kumtazama: karani alisemaje?

"Alisema, njoo na begi lako, unaitwa ofisini."

Sindano ikasimama. Fundi akauliza kama aliwahi kuitwa hivyo zamani.

Mtoto alijibu kama anayesoma orodha. Alipokaa kwa bibi mmoja, aliitwa wakati wa hesabu. Kwa mama mwenye mapacha, aliitwa kabla ya chakula. Kwa dereva aliitwa akiwa amevaa ndala, maana viatu vilikuwa vimeanikwa.

"Vilibaki," alisema.

"Nani alikuja kukuchukua?"

"Gari."

Fundi hakushona tena jioni ile. Alikuwa amesikia mlango wa darasa lake mwenyewe, la tano, ukifunguliwa, na baba mdogo amesimama pale, na mwalimu akisema maneno yaleyale. Alidhani anakwenda nyumbani kwa siku moja tu. Penseli yake aliiacha kwenye dawati, imechongwa vizuri.

Ijumaa alikwenda. Ukumbi mrefu wa shule ulinuka chaki na sakafu iliyopigwa deki, na miguu yake ilitaka kurudi. Ofisini walikuwa watatu: mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, ambaye alikuwa binti mdogo tu, na karani mwenye mkono uliofungwa bandeji.

Mwalimu mkuu alizungumza kwa upole. Alisema shule si adui, ila lazima wajue mtoto ana nini. Karani alisema, nusu utani, kwamba labda ana mashetani, maana macho yale si ya mtoto. Fundi alisema ndiyo mwalimu, kama alivyozoea. Akasema ndiyo mara ya pili, ingawa hakuna aliyemuuliza kitu.

"Basi tumsikie mwenyewe," alisema mwalimu mkuu, akamgeukia karani. "Mwite. Aje na begi lake."

"Asiitwe," alisema fundi.

Wote wakamtazama. Alikuwa amesimama bila kujua.

"Ameitwa hivyo mara tatu, katika shule tatu. Kila alipoitwa, hakurudi tena alikolala. Hakuna aliyemwambia anakwenda wapi." "Kwa hiyo akitoka kwangu asubuhi, haji shule. Anahama. Kila siku anahama."

Mwalimu mkuu alifungua jalada la mtoto. Barua tatu za uhamisho, karatasi moja moja, tarehe na mihuri. Alizisoma kama ndiyo kwanza anaziona.

"Sisi tulisema begi kwa sababu vitu vinaibwa darasani," alisema karani polepole, akiutazama mkono wake. "Sikujua."

"Hata mimi nimejua juzi," alisema fundi.

Mwalimu wa darasa akauliza wafanye nini. Hakuna mwalimu aliyewahi kumuuliza fundi swali kwa kutaka kweli jibu. Alisema: uende wewe mwenyewe. Mwambie anatakiwa na nani, kwa sababu gani, na atarudi saa ngapi kwenye kiti chake.

Wakaenda wote wawili. Mtoto alipomwona fundi mlangoni mwa darasa, uso ulimsawijika. Akaanza kuvuta kamba za begi.

Fundi alichuchumaa. Mfukoni mwa aproni alikuwa na kile kichuma kidogo kinachoshika uzi wa chini wa cherehani. Alikuwa amekitoa asubuhi kukisafisha.

"Unakijua. Bila hiki mimi sishoni. Kaa nacho. Saa nane uniletee nyumbani."

Mtoto alikifumba kiganjani. Mwalimu akamwonyesha saa ya ukutani: anakwenda kuchukua vitabu, na mshale ukifika pale atakuwa amekaa hapa. Alikwenda na begi mgongoni. Mshale ulipofika, alikuwa amekaa.

Barua ya kwenda ofisi ya ustawi ilikuwa imeshaandikwa, na mwalimu mkuu hakuichana. Aliiweka chini ya vitabu.

Tangu siku ile mtoto aliondoka na kile kichuma kila asubuhi, na cherehani ilikuwa bubu hadi saa nane. Fundi alishona vifungo na mapindo kwa mkono, masikio yakiwa barabarani, nyuma yake chumba kisicho na mtu. Wiki ya tatu, asubuhi, alirudi kutoka kwenye kona akakuta kitanda kimenyooka, kikombe hakipo, mswaki haupo. Chini ya kitanda palikuwa na soksi moja.

Hakuigusa. Alifagia akaizunguka.

Saa nane ilifika, ikapita. Fundi aliweka sindano chini. Kisha akasikia geti.

Mtoto hakusalimu. Alipita moja kwa moja hadi chumbani, mguu mmoja mtupu ndani ya kiatu, akapiga magoti akachungulia. Soksi ilikuwa palepale.

"Shikamoo, shangazi," alisema kutoka kule chini, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kile kichuma kiganjani.

Begi lilikuwa bado mgongoni.