Paa wa Bonde Jeupe

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliambiwa tangu utotoni. Sisi la mkuu tulilisikia, tukalitii, na waliovunjika guu ni paa.

Kazi yangu ni kuchora ramani ya hatari. Paa wa aina hii walishatoweka porini. Waliosalia tuliwalea zizini, na dada yangu ndiye aliyewanywesha maziwa kwa chupa. Kabla ya kuwarudisha, ilibidi tujue chui wanapita wapi. Tulifunga kamera mitini. Zilipomnasa chui, nilipaka nyekundu. Zilipokesha bure, kijani. Bonde la juu halina barabara, kamera hazikufika. Nikaliacha jeupe.

Mkuu wa kituo akaweka kidole papo hapo. "Peupe pee! Tuwaachie hapa."

"Mkuu, peupe maana yake hatujui. Si kwamba hakuna chui."

"Binti, chui hujamwona, umeshamwogopa?"

"Chui hapigi hodi, mkuu."

Ofisi nzima ikacheka, naye akacheka, kisha akatia saini. Wafadhili walikuwa njiani, na alitaka wakute paa wako porini.

Dada alipanda na wabebaji, akiwabembeleza paa wa kundi la kwanza ndani ya masanduku. Kipenzi chake alikuwa Mdokozi, jike mwenye tabia ya kumtafuna upindo wa koti.

Wiki haikuisha. Kwenye kompyuta, alama za kola za kuwafuatilia tulizowavisha shingoni ziliacha kusogea, moja baada ya nyingine. Tulipofika bondeni tulikuta kola ya Mdokozi na mguu mmoja. Dada akaketi chini, akaifuta damu kwa koti lile lile.

"Mimi ndiye niliyemzoesha kutoogopa, mdogo wangu," akasema.

Kikaoni mkuu akawaambia wafadhili, "Ramani ilitupotosha."

Nikasimama. "Ramani ilisema haijui. Aliyesema anajua ni wewe. Wewe ndiye uliyewaua."

Mkuu alinikamata koridoni. "Umenivua nguo mbele ya watu. Rudi ndani uombe radhi, ama ufungashe virago, wewe na dada yako."

Dada akanishika mkono. "Omba tu, yaishe. Wale waliobaki zizini nani atawalisha?"

Lakini nikiomba, kosa litabaki la ramani, na hao waliobaki watapelekwa peupe pengine.

"Siombi radhi," nikasema.