Gauni la Chaki

Binti wa fundi cherehani alitamba kwamba msiba ulimkuta mtoto ukamwacha mtu mzima. Mama yake alizikwa Jumatano. Jumatatu keshafungua kibanda, keshakikalia kiti cha marehemu, na akipewa pole anajibu kwamba machozi ni ya wasio na kazi. Kijembe hicho kilimlenga kaka yake aliyemtangulia kuzaliwa, kijana wa sekondari aliyelia mazishini, akalia darasani, akalia hata mbele ya muuza mkaa. Alimbandika jina: Bomba, kwa kuwa halifungiki.

Majirani wakamsifu binti, na sifa humnenepesha mtu bila kumshibisha. Sketi alishona, suruali alipunguza. Gauni moja tu lilimshinda, la mke wa mwashi, ambalo mama alikwisha kulichora kwa chaki juu ya kitambaa cha buluu, akaugua kabla hajalikata. Mwenye gauni alipolifuata, aliambiwa mkanda wa cherehani umekatika. Aliporudi, pasi imeungua. Mara ya tatu mkasi umepelekwa kunolewa, na mkasi wenyewe umelala mezani, unasikiliza.

"Mwanangu, mimi Jumamosi namwoza binti yangu," alisema mke wa mwashi. "Nikitoka sokoni napitia kitambaa changu. Hata kikiwa hivyohivyo."

Bomba alipotoka shule alikuta mlango umerudishwa. Dada mtu ametandaza kitambaa, ulimi nje, anapitisha chaki juu ya mistari ya mama. Chaki haidumu; kila kitambaa kikikunjwa inapukutika, naye kila ilipofifia aliirudishia, mstari juu ya mstari, tangu matanga.

Alipomwona kaka alidai anajiandaa kukata. Bomba aliinama, akafuata bega kwa kidole hadi kwapani.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, "mama hakuwa anachora kwapa hivi. Hivi unachora wewe."

Binti akacheka, ili amkebehi. Kisha akatazama shingo, kiuno, pindo, akitafuta mstari mmoja tu wa mkono wa mama. Yote ilikuwa yake. Alikuwa amemfuta mama yeye mwenyewe, kwa kumtunza.

Nje mke wa mwashi alipiga hodi.

"Chaki imeniingia machoni," alisema binti, akijifuta macho.

"Chaki haipandi, mdogo wangu," alisema Bomba. "Inashuka."