Kipimo cha Baruti

Fundi seremala huyu watu walimwita Baruti, na hawakumwonea. Mbao ikipinda, anafoka. Mteja akichelewa, anafoka. Redio ikikwaruza, nayo inapata yake. Basi daktari alipomwambia presha imepanda na hasira zitamuua, hakuna aliyeshangaa. Binti yake alinunua mashine ya kupimia presha, akaiweka karakana kwenye meza ya kupigia randa, kisha akatangaza sheria ya nyumba: baba asiudhiwe.

Aliyeibeba sheria ile ni mama. Alikuwa akishona mito ya makochi mle mle karakana, mtu wa sauti ya chini, hana makuu. Sasa mteja aliyekuja juu alimalizana naye mlangoni. Msumari ukikosekana, yeye ndiye aliyeupoteza. Chai ikikosa ladha, yeye ndiye aliyeikoroga vibaya.

"Yameisha, baba watoto. Kaa nikupime."

Presha ya Baruti ikashuka. Akaanza kujisifu kwa majirani kwamba amejirudi, utadhani kazi ile ameifanya peke yake.

Siku moja, kwa mzaha, alimfunga mkewe ule mkanda mkononi. Ukavimba, ukatulia, na mashine ikatoa namba kubwa kuliko zote alizowahi kupata yeye mwenyewe.

"Imeharibika hii!" alicheka. "Wewe hata inzi humfukuzi."

"Itakuwa imeharibika," alisema mkewe, akarudi kwenye cherehani. Baruti akaitia mashine kwenye boksi lake, airudishe dukani.

Kesho yake asubuhi mama aliinamia mto aliokuwa akiushona, jasho linamtiririka, mkono kifuani. Hata hapo alisema ni uchovu tu.

Hospitali daktari alisema ni moyo, bahati nzuri wamewahi, na kwamba presha ile haikuanza jana. Kisha akamuuliza mgonjwa kama kuna jambo linalomsumbua.

"Huyu?" Baruti alidakia. "Huyu hana neno na mtu!"

"Nimemuuliza yeye, mzee," daktari alisema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama alitazama dari. Baruti aliona midomo yake ikijiandaa kusema yale yale ya siku zote, sina neno, na maneno hayo yakamtia hofu. Alikumbuka mashine kule kwenye boksi. Ilikuwa nzima kabisa.

"Sema, mama watoto," aliomba.

"Nimechoka," alisema. "Nimechoka kuishi nikiogopa kwamba utakufa kwa sababu yangu. Msumari unaupoteza wewe, msamaha naomba mimi. Unanifokea mbele ya wateja, nami nacheka, ili wewe upone."

Damu ilimpanda Baruti kichwani. Aliona aibu, na aibu kwake siku zote ilitoka kwa kelele. Akafungua kinywa. Akakifunga. Akavuta kiti, akakaa.

"Endelea," alisema.

Akaendelea. Muuguzi alipokuja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha, Baruti ndiye aliyemsihi, kwa sauti ya chini, amwache mkewe amalize.