Siku DC-3 ya Papa Paulin Iliporuka

Papa Paulin aliitengeneza DC-3 ile kwa miaka tisa pembezoni mwa uwanja wa ndege, na ilipobaki kufungwa betri tu, mwenye ndege akaiuza kama vyuma chakavu. Wakaikata kwa siku mbili, vipande vikaenda kuyeyushwa sufuria. Sasa hivi huenda nusu ya Lubumbashi inapikia ugali wa bukari ndani yake.

Tangu hapo mzee alikuwa akishinda kwenye kiti uani, ovaroli mwilini, hasemi neno. Victorine, binti yake, mpiga picha wa mtaa wa Kamalondo, alivumilia wiki tatu. Sahani ilikuwa inarudi jikoni vilevile ilivyotoka, na hilo lilimtia hofu kuliko kile kimya. Basi akafungua kompyuta. Picha ya ndege ile alikuwa nayo, aliipiga kabla haijakatwa. Kama baba yake hakujaliwa kuiona ikiruka, angeirusha yeye.

Akafuta magurudumu. Akazungusha mapanga ya injini mpaka yasionekane vizuri. Mawingu akayatoa kwenye picha za harusi ya binamu yake huko Mitwaba, baada ya kumwondoa bibi harusi. Akachapa, akampelekea mzee.

Papa Paulin akavaa miwani. Akaikagua picha kuanzia mkiani, polepole, kama alivyokagua ndege maisha yake yote. Victorine akasimama pale.

"Nani iko natembeza?"

Victorine akatazama. Kwenye chumba cha rubani hakuna mtu. Alikuwa amepeleka tani kadhaa za chuma angani bila dereva. Lakini baba amesema! Maneno matatu mazima. Furaha ilimzidi hata akasahau kuona haya.

Akamwita Guelor, jirani mwenye teksi, akampiga picha kupitia kioo cha Toyota yake, mikono kwenye usukani, kisha akamhamishia kwenye ndege. Papa Paulin akakagua tena, akataka kujua habari ya leseni ya urubani.

"Guelor? Iko na permis ya avion?"

"Hapana, papa."

"Basi umwambie asiguse kintu."

"Na weye, papa? Nikuweke kando yake?"

Mzee akamtazama kana kwamba ametukanwa ufundi wake. "Miye ni mécanicien. Mécanicien hapandake. Anabakia chini, anaangalia mpaka avion inarudia. Uniweke chini."

Victorine akamsimamisha katikati ya ua, jua la saa nne, akamwomba aangalie juu. Papa Paulin akafunga vifungo vyote vya ovaroli, akainua uso, kiganja juu ya macho. Picha moja ilitosha.

"Inaisha, papa. Kuya ukule."

"Ngoya," mzee akasema bila kushusha uso. "Avion haiyarudia."

Victorine akaingia jikoni, akatoka na sahani. Mzee akala bukari yote akiwa amesimama, macho angani.