Baba Alipotufuata Kondoa

Bwana Gaudence, mkurugenzi wa Kituo cha Jioni Njema, alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwa akina Mwajabu, Kondoa, magoti yakimkaribia masikio. Suti ilikuwa ya bluu. Uji uliokaukia kwenye tai ulikuwa wa ulezi. Jogoo alimzunguka, akamtazama, akamdharau. Sisi wanawake watatu tulikuwa ndani, nyuma ya pazia, tunagombea upenyo wa kuchungulia.

"Amekonda," Evodia akanong'ona.

"Siku mbili tu hizo," Mwajabu akajibu. "Angekaa wiki angekuwa fimbo."

Nilicheka, kiganja mdomoni. Mimi ndiye mtani wa kundi. Anayenijua anajua pia kwamba nikitania sana nina hofu.

Kituo chetu kiko Msalato, kinatunza wazee wasio na watu. Kila Jumatatu Bwana Gaudence alifungua kikao kwa maneno yale yale: "Hapa hatuna mabosi. Sisi ni familia. Mimi baba, ninyi mama." Mara ya kwanza kuyasikia nililia kwa furaha. Baadaye nikaanza kujiuliza mbona kwenye familia yenyewe mwenye mkataba ni Optatus, dereva, peke yake. Alipewa mshahara, bima na likizo kwa sababu, tuliambiwa, mwanamume ana familia ya kulisha. Optatus alikuwa kapera; hata paka hakuwa naye. Sisi tulioacha watoto nyumbani tuliitwa wanaojitolea. Tulipewa posho ya sabuni, na sabuni yenyewe tukawaogeshea wazee.

Ndipo Evodia, tumbo likimtangulia mlangoni, alipouliza habari za likizo ya uzazi.

Baba akacheka kwa upole. "Evodia binti yangu, kwenye familia mama huomba likizo kwa nani? Nenda kajifungue. Mungu akipenda, nafasi yako utaikuta."

Hakuna aliyecheka naye. Nafasi niliyoingilia mimi ilikuwa ya Angelina, aliyekwenda kujifungua; aliporudi, Mungu alikuwa amependa vingine.

Mwajabu hapotezi maneno. Aliyasema jikoni, akikoroga uji. "Baba si ni yeye? Mama si ni sisi? Haya, mama akionewa hufanya nini?"

"Hurudi kwao," nikasema.

"Basi kwetu kuna vyumba."

Tukapika chakula cha siku nzima, tukawaaga wazee. Mzee Mazengo, ambaye haogi mpaka aimbiwe, alituunga mkono papo hapo: "Nendeni, wanangu. Na mimi maji siyagusi mpaka mrudi." Optatus tukamtuma amwambie baba: mama wamerudi kwao. Tukapanda basi la Kondoa, mimi nikiwachekesha abiria njia nzima.

Nilikuwa naijua hiyo safari. Miaka ya nyuma nilirudi kwetu Chamwino na begi moja na jicho lililovimba. Kwa mila, mume humfuata mkewe akiwa na mbuzi wa faini, akaeleza kosa lake mbele ya wazee. Mama yangu akanunua sukari ya kuwapokelea wageni. Nikakaa naangalia njia mpaka sukari ile ikaishia kwenye chai yetu wenyewe.

Kumbe kule Msalato mambo yalikuwa yameiva. Bwana Gaudence alimwimbia Mzee Mazengo nyimbo zote za kwaya. Mzee akasema kwa sauti ile, bora uchafu. Bibi Sikudhani aliurusha uji wenye mabonge, na ndio ule uliofika Kondoa na tai. Siku ya pili mkewe, Brightness, alikuja kusaidia. Akafunga khanga kiunoni, akamwinua mzee mmoja, akamwinua wa pili, kisha akamgeukia mumewe: "Wafuate. Usiporudi nao, na mimi kwetu napajua."

Sasa Shangazi Mwanaidi, aliyemlea Mwajabu, akatoka na mkeka wake, akaketi bila haraka.

"Umekuja na mshenga?"

Bwana Gaudence akamwonyesha Optatus, aliyesimama kando na ufunguo wa gari.

"Shikamoo, shangazi," Optatus akasema.

"Marahaba. Umeoa?"

"Bado."

"Basi hujui kitu. Sema mwenyewe, mkwe. Wake zako watatu umewakosea nini?"

"Shangazi, samahani. Hawa si wake zangu."

"Dada zako?"

"Hapana."

"Wanao?"

"Hapana, shangazi."

"Sasa watu wasio wako umewafuatia nini?"

Hata jogoo alisimama.

"Ni wafanyakazi wangu," akasema, akiitazama tai yake.

"Sauti, mwanangu. Majirani hawajasikia."

"Wafanyakazi!"

"Alhamdulillahi," Mwajabu akasema nyuma ya pazia. Evodia alinifinya mkono mpaka nikaona nyota mchana.

"Ungesema mapema," shangazi akasema. "Mke hufuatwa kwa mbuzi. Mfanyakazi hufuatwa kwa mkataba. Wewe umekuja na kipi?"

Hakuwa na kitu. Akainuka, magoti yakalia, akaelekea mlango wa ua. Nikauona mgongo wake unaondoka na utani wote ukanikauka mdomoni. Moyoni nikasema: Miriam, sukari imekwisha tena.

Lakini alisimama mlangoni, simu sikioni. "Ndiyo, mwenyekiti... Hapana, mwenyekiti... Najua bodi haijakaa... Basi njoo wewe umwogeshe Mzee Mazengo!"

Akasema, "Asante, mwenyekiti," akaikata simu. Kisha akarudi.

"Mikataba mitatu," akasema. "Na likizo ya uzazi."

"Na mbuzi?"

"Lakini shangazi, si umesema..."

"Mbuzi ni wa kigoda changu ulichokalia."

Mikataba tuliisaini kabla Evodia hajaanza likizo. Mshahara wenyewe bado uko chini ya ule wa Optatus, na tunaendelea kulisemea hilo. Jumatatu siku hizi Bwana Gaudence huanza, "Sisi hapa ni...", halafu humtazama Mwajabu, akanywa maji.

Siku ile tulirudi na gari la kituo, Evodia mbele kama bibi harusi, mimi dirishani. Mama akapiga kutoka Chamwino. Habari zilikuwa zimeshamfikia, sijui kwa njia gani.

"Eti umefuatwa?"

"Nimefuatwa, mama," nikasema. "Tena kwa gari."

"Ningejua," akasema, "ningenunua sukari."