Chupa Aliyoizika Adamu

Mpimaji ardhi wa serikali alitupa siku tatu: tupate jina, la sivyo kwenye ramani ya Brazili tungebaki kuwa Kiwanja Namba Nane. Balthasar akataka jina la kijiji alikohama kule Ujerumani, Leopold naye la kwao. Wakashikana mashati mlangoni mwa kanisa.

Otilia, mjane wa Adamu, akasema, "Paiteni kwa Adamu. Ndiye wa kwanza kulala kwenye udongo huu. Mti ulimwangukia akiwafungulia njia ninyi."

"Shemeji, haya ni mambo ya wanaume," Balthasar akamkata kauli. Nami, mpumbavu, nikacheka. Machozi yalimlenga Otilia. Mpaka leo naona haya.

Sikukuu ya kanisa letu huisha kwa kuzika chupa ya bia, na mwaka unaofuata hufukuliwa. Basi tukala kiapo: mwenye kuifukua chupa ndiye mwenye kutoa jina. Kumbe aliyeizika mwaka uliopita alikuwa marehemu Adamu, na siku ile, kwa ulevi, hakuna mwanamume aliyekuwa na macho ya kuona kitu.

"Shemeji, hakukwambia ni wapi?" Leopold akambembeleza.

"Mimi nilimwona na jembe shambani kwetu," Otilia akajibu.

Lo, tulichimba! Wanaume kumi na wanne, siku tatu, shamba zima. Balthasar na Leopold walipigana vikumbo kama mabeberu. Viganja vyangu vilijaa malengelenge. Otilia alikaa kizingitini akimenya viazi.

"Na kule mpakani, jamani! Zamisheni majembe!"

Mpimaji alipowasili, Leopold alitupa jembe. "Hakuna chupa hapa!"

"Haipo," Otilia akasema. Akaingia ndani, akatoka na chupa tupu yenye udongo shingoni. "Niliifukua siku tuliyomzika. Nusu nilimmiminia kaburini, nusu nikanywa mwenyewe. Mwenye kuifukua ndiye mwenye kutoa jina. Si mliapa?"

"Ulisema ulimwona na jembe!" nikafoka.

"Nilimwona. Alikuwa akilima. Mwaka huu nilikosa wa kunilimia. Ahsanteni."

Balthasar aliegemeza jembe ukutani. Kiapo ni kiapo.

Mpimaji akaandika: Bonde la Adamu. Otilia akamwomba alisome kwa sauti, kisha alisome tena. Mara ya pili, Balthasar alivua kofia, nasi sote tukavua.